Ukitazama mguu, tazama na sakafu

Mtoto mwenye funza akiingia darasani, wenzake humjua kabla mwalimu hajamaliza kuita majina. Hukanyaga kwa visigino, vidole vikiwa vimeinuliwa visiguse chini, na akiketi hatulii kwa mwasho. Wakati wa mapumziko hachezi mpira. Nyumbani, huenda nyanya anayemlea ana funza wengi kuliko yeye, na majirani wameshaamua sababu: uchafu, uvivu, pombe, au laana ya ukoo. Hukumu imepita na tiba haijaanza.

Nimekuwa nikitibu ngozi katika nyanda hizi za Mlima Kenya kwa muda mrefu, na kama kuna jambo moja ningependa wasomaji wa Tetu, Othaya, Mathira na Mukurweini walishike, ni hili: ugonjwa wa ngozi huonekana kwa mtu, lakini mara nyingi chanzo chake hakimo mwilini mwa mtu huyo. Kiko sakafuni, kitandani, kwenye rafu ya kemisti, au juu angani. Kwa kuwa macho yetu huishia kwenye ngozi, tunamwadhibu mwenye ngozi na kukiacha chanzo kikiendelea na kazi yake.

Giakanja ni mahali pazuri pa kuanzia. Iko Tetu, mwendo mfupi wa matatu kutoka mjini Nyeri, upande wa miteremko inayopanda kuelekea milima ya Nyandarua. Udongo wake ni mwekundu, uliotokana na volkano, na umewalea watu kwa kahawa, chai na maziwa. Mvua ikinyesha udongo huo hugandamana na viatu. Kiangazi kikikolea husagika ukawa vumbi laini linaloingia kila mahali. Nje ya nyumba vumbi hilo ni kero tu. Ndani ya nyumba isiyo na saruji chini, ni kitalu cha funza.

Funza ni jamii ya viroboto, na jike lake halifiki hata milimita moja kabla halijavimba. Hutoboa ngozi pembeni mwa ukucha, katikati ya vidole au kisiginoni, likajizika kichwa kikitangulia na kuacha nje ncha ya tumbo. Kupitia tundu hilo dogo hupumua, hutoa uchafu na kutaga mayai. Katika wiki moja au mbili tumbo huvimba hadi kukaribia sentimita moja. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia utaona doa jeusi katikati ya duara jeupe linalong'aa, na ukivumilia kidogo pengine utaona yai likisukumwa nje. Mayai huanguka chini. Yakiangukia saruji inayofagiwa, huangamia. Yakiangukia udongo mkavu wenye vumbi, huanguliwa, mabuu yakala takataka za humo humo, na baada ya wiki chache kizazi kipya kinatafuta miguu. Mama yao hufia ndani ya ngozi wiki nne hadi sita baada ya kuingia, akiacha kidonda ambacho bakteria hukigeuza usaha.

Kwa hiyo kumtoa funza kwa pini ni kufuta sakafu huku bomba linavuja. Mtoto huteswa jioni, na kabla juma halijaisha ana wengine. Tena pini hiyo hiyo hupita mguu hadi mguu: mama, mtoto, mtoto wa jirani. Pepopunda, homa ya ini ya aina ya B na virusi vya ukimwi vinaweza kusafiri kwa njia hiyo. Nimewaomba wazazi wengi waache kuchokonoa, na wengi hunitazama kwa mshangao, kwa sababu tangu utotoni mwao hawakujua tiba nyingine.

Wanaosema funza ni uchafu wa asili wa watu fulani wanapaswa kujua kwamba mdudu huyu ni mgeni hapa. Kwao ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Mwaka 1872 meli iliyoitwa Thomas Mitchell ilitoka Brazili na kufika Ambriz, Angola, ikiwa na mchanga uliojaa funza. Kutoka pale walifuata njia za misafara, wakasafirishwa na nyayo za wapagazi, na kabla ya karne ya 19 kuisha walikuwa wamelivuka bara hadi pwani ya Afrika Mashariki. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapagazi wa majeshi katika eneo letu walipoteza vidole vya miguu kwa sababu ya mdudu huyu. Mguu wa Mkikuyu wa mwaka 1850 haukumjua. Sakafu zilikuwa za udongo, mbuzi walilala ndani ya nyumba, na funza hawakuwepo kwa sababu rahisi kwamba walikuwa hawajaletwa.

Kuna kipande kingine cha historia ambacho mihadhara ya usafi hukiruka. Wakati wa Hali ya Hatari, kati ya 1954 na 1955, serikali ya kikoloni iliwaondoa zaidi ya watu milioni moja wa eneo hili kwenye mashamba yao na kuwabana katika vijiji zaidi ya 800, vingi vikiwa vimezungushiwa mitaro na miiba. Nyumba zilijengwa upesi, kwa amri, zikiwa zimesongamana. Hali ya Hatari ilipokwisha, wenye mashamba walirudi kwao. Wasio na shamba walibaki, wakazaa, wakajukuu, na hadi leo Nyeri ina vijiji vinavyoitwa vya ukoloni ambavyo kwa miongo mingi wakazi wake waliishi bila hatimiliki. Ni nani ataweka saruji katika nyumba ambayo hana karatasi ya kuthibitisha kuwa ni yake? Nikimwona mgonjwa wa funza, sasa huuliza anaishi wapi na ardhi ni ya nani, kabla sijauliza anaoga mara ngapi. Jibu la swali la kwanza mara nyingi hulieleza la pili, maana aliyebanwa kwenye kiwanja kidogo kisicho na bomba huteka maji kwa mtungi, na maji ya mtungi huanza na chungu, si miguu.

Tiba ipo, na ushahidi wake umetoka katika vijiji vya Kenya. Kwa miaka mingi tumeosha miguu kwa ile dawa ya zambarau, pamanganeti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulichukua watoto 47 wenye funza. Mguu mmoja wa kila mtoto ukatibiwa kwa pamanganeti, na mwingine kwa dimetikoni, mafuta mepesi ya silikoni ambayo Ulaya huuzwa kwa ajili ya chawa. Baada ya siku 7, asilimia 78 ya funza waliopakwa dimetikoni walikuwa wamepoteza dalili zote za uhai. Kwa pamanganeti ilikuwa asilimia 39. Mafuta hayo hupenya kwenye kile kitundu cha kupumulia na kumziba funza pumzi. Hayana sumu inayomwingia mtoto mwilini, hayachomi, wala hayahitaji pini. Nikifikiria watoto wanaoshikwa mikono na miguu na watu wazima ili wachokonolewe, huona kwamba dawa isiyouma ni haki yao, na inapaswa kukaa kwenye rafu ya kila zahanati ya kaunti kama zinavyokaa dawa za malaria kule nyanda za chini.

Lakini hata dimetikoni hailingani na sakafu. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kukabiliana na funza mwaka 2014, na mwongozo huo unataja makazi pamoja na tiba. Mahali ambapo chini ya nyumba pamekandikwa kwa saruji, au hata kwa udongo ulioshindiliwa vizuri na kunyunyiziwa maji mara kwa mara, mabuu hukosa mahali pa kukulia. Mbwa, paka, nguruwe na mbuzi nao hubeba funza, kwa hiyo nyumba ambayo watu wake wametibiwa na mbwa wake akasahauliwa itarudi kliniki. Familia hutibiwa siku moja, wote, pamoja na wanyama, na nyumba siku hiyo hiyo. Ukivunja mpangilio huo umepoteza dawa.

Ni lazima niseme neno la heshima kwa waliolitoa jambo hili gizani. Ahadi Kenya Trust, iliyoanzia kazi yake upande wa Murang'a, na Cecilia Mwangi, aliyekuwa Miss World Kenya mwaka 2005, walilibeba suala la funza hadharani wakati viongozi wengi waliona aibu kulitaja. Lakini picha zilizowafuata zilikuwa na kasoro: kamera zilikaribia miguu mno. Sote tuliiona miguu hiyo katika runinga. Ni wachache walioiona nyumba yenyewe.

Mwenye upele unaotambaa kitandani naye huadhibiwa vivyo hivyo, hasa katika shule za bweni ambazo Nyeri imejaaliwa nazo nyingi. Mdudu wake ana urefu wa takriban theluthi moja ya milimita, huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi, na kwa mtu ambaye hajawahi kumpata, mwasho huanza wiki nne hadi sita baada ya kuambukizwa. Hesabu hiyo inabadilisha kila kitu. Mwanafunzi anayeanza kujikuna mwezi wa Juni alipata upele Mei au mapema zaidi, na wakati huo wote alikuwa akilala karibu na wenzake bila dalili yoyote. Ukimtibu yeye peke yake na kumrudisha bwenini, umempeleka akaambukizwe upya na wale wale aliowaambukiza. Dawa ya maji ya kupaka, benzili benzoeti, hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni usiku mzima na kurudiwa baada ya siku chache. Vidonge vya aivamektini humezwa mara mbili, wiki moja au mbili zikipita katikati. Dawa hizi hufanya kazi zikipewa bweni zima usiku mmoja. Mkuu wa shule anayemtuma kijana mmoja nyumbani "akatibiwe ngozi yake" analinda jina la shule na kulitelekeza bweni. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na nadhani sehemu kubwa ya kusahauliwa huko ilitokana na aibu.

Sasa nije kwenye kile kinachonipa kazi nyingi kuliko funza na upele kwa pamoja: tyubu.

Mkulima mmoja alikuja na mfuko wa kaki akautua mezani. Ndani mlikuwa na tyubu tatu zilizominywa hadi shingoni, za majina tofauti. Alianza na duara dogo la choa kiunoni, pale mshipi unapokaa. Kemisti wa kwanza alimpa krimu, mwasho ukatulia siku mbili, akafurahi. Duara likapotea katikati na kuzaa mengine pembeni. Kemisti wa pili akampa krimu yenye nguvu zaidi. Nilipomwona, wekundu ulikuwa umeshuka hadi mapajani, kingo zimekatikakatika, ngozi ya kinena imekonda mpaka mishipa inaonekana, na mistari ya zambarau imechanika kama ya mjamzito. "Daktari," akaniambia, "dawa inafanya kazi, nikiacha tu ndipo inarudi."

Maneno yake yalikuwa sahihi kabisa kuhusu alichokuwa akikiona. Krimu zile zote tatu zilikuwa na steroidi. Steroidi huzima hasira ya ngozi: wekundu, uvimbe, mwasho. Kwa pumu ya ngozi, ni dawa nzuri sana ikitumika mahali pake, kwa nguvu inayofaa na kwa siku zilizohesabiwa. Kwa choa, ambacho ni fangasi, kuzima hasira ya ngozi ni kuwanyang'anya walinzi silaha huku mwizi yumo ndani. Fangasi hustawi kimya. Krimu za mseto zinazouzwa zaidi zina steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria ndani ya tyubu moja, na muuzaji huzipenda kwa sababu humwondolea kazi ya kujua mteja anaumwa nini. Choa cha mwilini huhitaji dawa ya fangasi pekee, wiki mbili hadi nne, na kuendelea siku kadhaa baada ya ngozi kuonekana safi. Mashilingi, yaani choa cha kichwani kwa watoto, hayaponi kwa krimu yoyote, kwa kuwa fangasi imejificha ndani ya mzizi wa nywele. Mtoto hupewa vidonge, na mashine ya kinyozi husafishwa.

Simlaumu mkulima yule, na hata yule kijana wa kemisti namlaumu nusu tu. Mwenye shamba hawezi kuacha ng'ombe bila kukamuliwa akakae foleni siku nzima mjini kwa ajili ya duara kiunoni, na kemisti iko hatua chache kutoka stendi. Lakini namlaumu mtu yeyote anayeuza steroidi kali bila kuuliza maswali mawili: imeanza lini, na umeshapaka nini?

Wazee bado huniomba sindano. "Hizo za kupaka ni za watoto," huniambia cucu mmoja baada ya mwingine, "nichome ya nguvu." Ombi hilo lina mizizi ya kuheshimika. Katika miaka ya 1920, ugonjwa wa buba, uliojaza watu vidonda vinene usoni, mikononi na miguuni, ulitibiwa katika nyanda hizi kwa sindano za bismathi. Vidonda vilivyodumu miezi vilikauka kwa siku chache. Maelfu walizifuata kambi za sindano kwa hiari yao, wakati hospitali ilikuwa bado inatiliwa shaka. Baadaye penisilini ikaja kuimaliza kazi kwa dozi moja. Watu waliona kwa macho yao kwamba sindano huponya ngozi, wakawasimulia watoto wao. Tatizo ni kwamba sindano ya leo "ya mwasho" mara nyingi ni steroidi ya kukaa mwilini kwa wiki kadhaa, na ikirudiwarudiwa kila mwezi hupandisha sukari na shinikizo la damu na kudhoofisha mifupa ya watu ambao tayari ni wazee.

Mapenzi ya kujipaka nayo ni ya zamani. Katika nchi hii mafuta ya mbarika yalichanganywa na udongo mwekundu na kupakwa mwilini na kichwani, na nguo za ngozi za wanawake zilipakwa mafuta hadi zikawa laini. Mwingereza William Scoresby Routledge na mkewe Katherine waliishi karibu na Nyeri mwanzoni mwa karne ya 20, na kitabu chao cha mwaka 1910 kimehifadhi picha na maelezo ya maisha hayo. Wamisionari wa Consolata na wale Waskoti wa Tumutumu walipofungua shule, kuoga kwa sabuni na kuacha udongo mwekundu vikawa alama za msomi. Mafuta ya zamani yaliitwa uchafu. Nikitazama kwa jicho la kitabibu, mafuta ya mbarika hayakuwa na kosa lolote. Yalizuia maji yasitoke kwenye ngozi katika hewa baridi na kavu ya mlimani. Sabuni kali pasipo mafuta ndiyo iliyoleta mpauko. Na watu hawakukubali mpauko: hadi leo mtoto aliyepauka huhesabiwa kuwa mtoto asiye na mtu. Ndiyo maana Arimis, jeli iliyotengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, imehamia chumba cha kulala na kupakwa watoto wakienda shule. Wasomaji huniuliza kama ni vibaya. Jeli ya petroli isiyo na manukato ni miongoni mwa vitu salama zaidi mnavyoweza kujipaka. Ipakwe ndani ya dakika tatu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na katika baridi ya Julai maji ya kuoga yawe vuguvugu, si ya kuunguza.

Kinachoniogopesha ni mafuta yanayoahidi kung'arisha. Hapa Kenya tuna ushahidi wetu wenyewe, nao umezeeka. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 waliovuja protini kwenye figo na kuvimba mwili. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake. Kisha hupita kwenye ngozi, ikaingia damuni na kutua kwenye figo. Mtu alipaka uso, akaugua figo, na ilibidi daktari aulize swali ambalo mgonjwa hakulitarajia kabisa. Zebaki ilipoanza kuondolewa, haidrokwinoni ilichukua nafasi yake. Mwaka 1975 daktari wa Afrika Kusini, George Findlay, na wenzake walieleza madoa ya buluu na meusi yaliyojitokeza mashavuni mwa wanawake walioitumia kwa miaka, madoa meusi kuliko ngozi waliyokuwa wakiikimbia, ambayo hadi leo hatuna tiba ya kuyafuta kikamilifu. Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990, na Kenya nayo imezipiga marufuku zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi. Bado huziona kwenye nyuso za wagonjwa wangu, pamoja na steroidi zilizokorogwa ndani ya vikopo visivyo na maandishi.

Huwa siwahubirii wanawake hawa kujipenda. Wengi wao wanajipenda. Wanachokijua ni kwamba anayeajiriwa mapokezini, anayewekwa kwenye bango la benki, anayesifiwa katika harusi, ni yule wa rangi ya chungwa. Soko limewaambia hivyo tangu wakiwa wadogo. Mimi huwaeleza figo zinavyofanya kazi, hupima mkojo wao, na kuwasaidia kuacha polepole, kwa maana kuacha steroidi ghafla huwasha uso moto kwa wiki nyingi, na wengi hurudia krimu kwa sababu hakuna aliyewaonya kuhusu wiki hizo.

Juu ya haya yote kuna jua. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ikweta inapita Nanyuki, karibu nasi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12, na sehemu kubwa ya mionzi hiyo hupenya mawingu mepesi. Watu husema jua la hapa halichomi kwa sababu hewa ni baridi. Joto na mionzi ni vitu viwili. Anayelipa kwa uwongo huo ni mwenye ualbino. Sensa ya mwaka 2019, ya kwanza kuwahesabu, iliwapata watu 9,729 nchini. Kenya hugawa losheni ya kujikinga na jua bila malipo kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na huko Moshi, Tanzania, katika kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC kilichoanza mwaka 1992 na ambacho kimewafunza wahudumu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, hutengenezwa losheni maalumu kwa ajili yao. Hata hivyo, losheni bila kofia yenye ukingo mpana na mikono mirefu ni kinga nusu. Shule inayomlazimisha mtoto mwenye ualbino avue kofia gwarideni kwa sababu si sehemu ya sare inampeleka kwenye saratani ya ngozi kwa jina la nidhamu. Walimu wakuu wanaweza kulibadilisha hilo kesho asubuhi, bila bajeti yoyote.

Moto nao huacha alama. Katika baridi ya Juni na Julai wazee huketi karibu na jiko saa nyingi, na baada ya miaka, miundi yao huchorwa wavu wa kahawia. Familia huja na hofu ya ukoma au sukari. Huwa ni joto tu, na hufifia polepole mtu akisogea nyuma na kuvaa soksi ndefu. Nachunguza upya pale tu panapotokea uvimbe au kidonda kisichopona juu ya wavu huo.

Kuna hofu moja ambayo familia hazisemi kwa sauti. Katika miaka ya 1990, mkanda wa jeshi ulikuwa kama tangazo la kifo. Malengelenge yakitokea kifuani upande mmoja, kijiji kilijua, au kilidhani kinajua, na mtu akaanza kuzikwa akiwa hai. Serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, watu wakiwa wamekwishajifunza kusomana ngozi kwa miaka mingi. Leo dawa za kupunguza makali zipo katika vituo vyetu, mkanda wa jeshi huwapata pia wazee wasio na virusi hivyo, na dawa yake huhitaji kuanzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee. Bado wapo wanaojifungia siku tano wakingoja yakauke bila kuonekana na mtu. Saa hizo 72 hupotea ndani ya nyumba, na maumivu ya neva yanayobaki huweza kudumu miezi au miaka.

Mwaka 2023 serikali iliwapa vifaa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini, na baadhi yao wanatembea nyumba kwa nyumba huku Tetu. Wanapima shinikizo na sukari. Ningeomba kaunti iwaongezee mambo machache tu: chupa ya dimetikoni, kioo cha kukuzia, karatasi ya kuandika kila mtu anayelala katika nyumba hiyo na kila mnyama anayeingia humo, na mstari mmoja wa kujaza kuhusu sakafu. Kazi hiyo ifanyike Novemba na Desemba, shule zikiwa zimefungwa na watoto wako nyumbani, kabla vumbi la Januari halijaanza kupanda. Orodha ya nyumba zenye sakafu za udongo ipelekwe kwa ofisi ya ardhi na kwa kamati ya fedha za eneobunge, kwa kuwa daktari hana saruji. Mifuko ya saruji inayohitajika kwa chumba kimoja cha kulala inajulikana kwa fundi yeyote wa Giakanja. Aulizwe, ihesabiwe, na iingizwe kwenye bajeti ya afya.